Mikono Yote Iliyopika: Hotuba ya Kuzindua Kitabu cha Watoto cha Diwali

Hotuba hii ilisomwa katika ukumbi wa hekalu letu, Tanga, jioni ya kuzinduliwa kwa kitabu cha hadithi chenye picha kilichotayarishwa na walimu na vijana wa darasa la Jumapili.

 

Kamati imetutaka tuseme machache juu ya kitabu hiki, nasi tukakubali kabla ya kufikiri vya kutosha. Sisi ni watu wa duka. Masomo yetu yaliishia sekondari, na tangu hapo vitabu tulivyovisoma kwa makini zaidi ni vya mahesabu, vile vyenye majalada mekundu ambavyo kila mwaka siku ya Diwali huletwa hapa vibarikiwe katika Chopda Pujan. Basi mtuwie radhi iwapo tutakisoma kitabu cha watoto kama mwenye duka asomavyo daftari lake, yaani kwa kutazama nani tunamdai na nani anatudai.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ina kurasa 24, na karibu kila ukurasa una picha. Msichana wa miaka sita anaamka asubuhi katika wiki ya Diwali, anakuta nyumba nzima imeshikwa na kazi. Bibi yake, ambaye sisi humwita Ba, anakaanga suji kwa samli. Mama yake anachekecha unga wa dengu. Shangazi yake yuko kizingitini akichora rangoli kwa unga wa rangi. Baba yake anahesabu vitaa vya udongo na kukata tambi. Juu ya sinia kuna lundo la nazi iliyokunwa, nyeupe kama pamba. Mtoto anamwendea kila mmoja akiomba kazi, na kila mmoja anamjibu kwamba bado ni mdogo. Anazunguka hivyo mpaka jioni, machozi yakimlengalenga.

Usiku zinapokunjwa ghughra ndipo mambo yanapogeuka. Majirani zetu mmezila ghughra miaka mingi, pengine bila kuambiwa jina lake. Ni zile zenye umbo la nusu mwezi, zinazofanana na sambusa lakini ni tamu, na ndani mna suji, nazi, sukari, iliki na lozi. Ukingo wake husokotwa kwa vidole, pindo juu ya pindo, kama kamba ya mkonge. Ukisokotwa vibaya, ghughra hupasuka ndani ya karai, vilivyomo humwagika, sukari huungua, na samli yote huwa nyeusi, kiasi kwamba hata ghughra zinazofuata huharibika. Katika hadithi yetu, Ba anagundua usiku huo kwamba vidole vyake vimekakamaa na macho yake hayauoni tena ukingo. Anamwita mjukuu. Vidole vidogo ndivyo vinavyofaa. Kumbe kazi aliyokuwa akiitafuta mchana kutwa ilikuwa ikimngoja, na ndiyo inayoamua iwapo kazi za wengine wote zitafaa au zitapotea.

Huenda mtu akauliza kwa nini watu wazima wenye shughuli zao wakutane mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya kitabu chembamba namna hii. Tutajibu kwa jambo lililotokea katika darasa la Jumapili. Mwalimu aliwauliza watoto ghughra hutoka wapi. Mtoto mmoja akanyosha mkono akasema, hutoka kwenye boksi, na boksi hutoka Dar es Salaam kwa basi. Tulipoelezwa hatukucheka sana, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi. Sisi wenyewe ndio tulioagiza mabokisi hayo, na wengine wetu tuliyauza.

Hatusemi kwamba vitamu vya boksi ni vibaya. Tunasema kwamba haviji na wiki yake. Diwali ya wazee wetu ilikuwa wiki nzima, na kila siku ilikuwa na chakula chake na jamaa yake. Siku ya Dhanteras nyumba husafishwa na Lakshmi huombwa. Siku ya Kali Chaudas akina mama hukaanga vada, kisha huzipeleka chache njia panda na kumwaga maji kuzizunguka, kwa nia ya kuutoa ugomvi wa mwaka mzima nje ya nyumba. Tulipokuwa wadogo tulidhani ugomvi ni kitu kinachokaa ndani ya vada, na tulikuwa tukiikagua kila moja kabla ya kuila. Hufuata usiku usio na mwezi, usiku wa giza kabisa, ndio Diwali yenyewe, na vitaa huwashwa. Kesho yake ni Bestu Varas, mwaka mpya wetu kwa hesabu ya Vikram Samvat, ambayo imeitangulia hesabu ya kawaida kwa miaka 56 au 57. Asubuhi hiyo tunainama kugusa miguu ya wazee, tunapewa sarafu, na tunasalimiana kwa kusema Saal Mubarak. Majirani zetu Waislamu hawahitaji mkalimani wa neno hilo la pili. Siku hiyo pia ndiyo ya Annakut, mlima wa chakula unaopangwa mbele ya Bwana hapa hekaluni. Kisha huja Bhai Bij, siku ambayo kaka huenda kula nyumbani kwa dada yake, hata kama mwaka mzima hawakuelewana. Boksi linaleta utamu, lakini haliwezi kumpeleka mtu kwa dada yake.

Hayo ndiyo yaliyotufanya tutake kitabu. Swali la kwanza lililotugawa lilikuwa lugha. Baadhi ya wazee wetu walitaka kiandikwe kwa Kigujarati, na hoja yao ilikuwa nzito. Walisema mtoto asiyejua jina la chakula kwa lugha ya bibi yake hukila kama mgeni. Hatukuwa na la kuwapinga. Hata hivyo, tuliwatazama watoto hawa waliokaa mbele yetu. Kigujarati wanakisikia nyumbani, wachache wanakisema, na wanaoweza kusoma herufi zake tunaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kiswahili ndicho wanachochezea, ndicho wanachogombania, na ndicho wanachoota nacho usiku. Tukaafikiana kwamba hadithi iwe kwa Kiswahili, lakini majina ya vyakula na ya jamaa yabaki kama yalivyo.

Uamuzi huo ukatuletea kicheko ambacho hatukukitarajia. Katika Kigujarati, dada ni babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo. Na mama, ndugu zangu, ni mjomba! Kwa hiyo katika ukurasa wa 6 mtamwona msichana wetu akikimbia mlangoni akipaza sauti kwamba mama amefika kutoka Korogwe, na rafiki yake wa jirani anatoka mbio kumpokea mama huyo, anakutana na mtu mwenye masharubu makubwa na begi la machungwa. Mchoraji wetu ameyachora masharubu hayo kwa moyo wake wote. Walimu walitaka kuliondoa jambo hili wasije watoto wakachanganyikiwa. Tuliwaambia kwamba sisi tumechanganyikiwa hivyo tangu tulipozaliwa, na halijatudhuru.

Ukweli ni kwamba maneno ya jikoni yalikwisha kusafiri zamani bila kuomba pasipoti. Kiswahili kilichukua kwetu chapati, bajia, achari na karai. Hata katika sukari guru, hilo neno guru limetoka katika jina la sukari hiyo huko Bara Hindi. Dukani kilichukua laki, bima na hundi. Nasi tulichukua bila kusema asante. Muhogo ukawa mogo, njugu zikawa jugu, na sufuria, kisu na fagio zikaingia nyumbani mwetu na kukaa. Jamaa zetu waliohamia London na Leicester walikwenda na maneno hayo, na leo katika mikahawa ya huko mtu huagiza mogo akidhani ni neno la Kihindi. Ba wetu, aliyezaliwa Kathiawad na aliyefika hapa kwa meli kutoka Bombay akiwa bibi harusi, aliapa mpaka mwisho wa maisha yake kwamba Kiswahili hakijui. Lakini alipokuwa jikoni, nusu ya maneno yake yalikuwa ya Kiswahili.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwalo hasa tulikubali kusimama hapa.

Mchoraji, kijana wa mji huu, alituletea rasimu ya picha. Ukurasa wa 9 ni picha ya jiko, na ndiyo picha kubwa kuliko zote, kwani inachukua kurasa mbili. Tuliiona ni nzuri sana. Ba alikuwamo, mama alikuwamo, shangazi, binamu wawili, karai juu ya moto, paka dirishani. Tukaipitisha. Mwezi uliofuata ikarudi ikiwa na rangi. Tukaipitisha tena, na mmoja wetu akasifu jinsi samli ilivyong'aa. Kisha walimu wakawaonyesha watoto wa darasa la Jumapili, na mtoto mmoja akaitazama kwa muda, akauliza nazi imejikuna yenyewe?

Tulipoiangalia upya tukaona. Nazi iliyokunwa ilikuwapo, lundo zima. Mbuzi ya kukunia ilikuwapo sakafuni, imechorwa vizuri na meno yake. Lakini juu ya mbuzi hapakuwa na mtu. Wazee saba wenye miwani waliipitisha picha ile mara mbili, na hakuna aliyeona kwamba kiti kile ni kitupu. Mtoto aliona, kwa sababu nyumbani kwao kila siku kuna dada anayekaa juu yake.

Usiku ule hatukulala vizuri, na tutawaambia sababu.

Nyumbani kwetu aliyekuna nazi alikuwa mzee mmoja wa Muheza. Alikuja kwa baba yetu kabla sisi hatujazaliwa. Yeye ndiye aliyewasha mkaa alfajiri na kuuzima usiku. Aliyajua majina ya vitamu vyetu vyote. Alijua siku za Ekadashi, ambazo hatuli nafaka, kuliko sisi wenyewe tulivyozijua, na kabla Ba hajasema neno, viazi na njugu zilikuwa zimekwisha kutolewa. Hakupata kuonja alichopika kwa ajili ya sadaka, na hapa ni lazima majirani waelewe. Chakula cha kumtolea Mungu hakionjwi na yeyote kabla hakijatolewa. Ba naye hakuonja. Chumvi ilikadiriwa kwa jicho, na sukari kwa harufu na kwa mlio wa samli. Amri hiyo ni ya dini na ilitufunga sote sawasawa, kuanzia mkuu wa nyumba hadi mtoto.

Lakini palikuwa na amri nyingine ambayo hatukuipata katika kitabu chochote. Kwenye kizingiti cha dirisha la nyuma palikuwa na kikombe cha bati, kimefunikwa kichwa chini. Kilikuwa chake peke yake. Chai aliipika yeye, sisi tukainywa katika vikombe vya kaure, naye akainywa katika kile, amesimama uani. Hakuna aliyetueleza sababu, nasi hatukuuliza. Tulikuwa watoto, lakini baadaye tulikuwa vijana, na baadaye tulikuwa watu wazima wenye ndevu, na kikombe bado kilikuwa pale pale.

Na liko jambo linalotuuma kuliko kikombe. Mzee yule ndiye aliyetufundisha adabu ya Kiswahili. Alitufundisha kwamba mkubwa hapitwi bila shikamoo, kwamba kitu hakipokelewi kwa mkono wa kushoto, na kwamba anayepita wakati wa kula huambiwa karibu. Tulimtii. Tulimwamkia muuza samaki, mwalimu wa madrasa na balozi wa nyumba kumi. Upande wa Kigujarati, kila mwenye duka mtaani alikuwa kaka, na kila mke wake alikuwa kaki. Ndimi zetu zilijaa jamaa. Yeye peke yake tulimwita kwa jina tupu, kama mtu amwitavyo mtoto, ilhali alikuwa na wajukuu. Alitufundisha shikamoo, na shikamoo hiyo hatukumpa hata siku moja.

Watu wa makamo yetu mnaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini madukani hamkuwa na kitu. Sukari, unga wa ngano, mafuta na sabuni vilipatikana kwa foleni au kwa mgao. Sisi tuliokuwa na duka tulikuwa na rafu tupu na wateja wenye hasira. Mwaka mmoja katika miaka hiyo Diwali ikakaribia, na nyumbani hapakuwa na sukari hata ya chai. Ba alisema tutawasha vitaa na kuomba, nayo inatosha. Alisema hivyo huku amegeukia ukutani.

Siku mbili kabla ya sikukuu mzee yule alirudi kutoka kwao na kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na sukari guru, kiasi cha kilo tatu hivi. Baba yetu, kwa desturi ya mfanyabiashara, aliuliza bei. Mzee akajibu kwamba watoto wake wamekwisha kumuuliza Diwali ni lini.

Ni siku hiyo ndipo tulipofahamu kwamba kila mwaka, usiku wa Diwali, vile vitamu tulivyomfungia katika karatasi vilikuwa vikisafiri hadi Muheza, na kwamba huko kulikuwa na watoto waliokuwa wakihesabu siku kama sisi. Diwali yetu ilikuwa yao pia, nasi hatukujua. Ba alichukua ile sukari guru, samli kidogo iliyobaki na unga wa atta wa mwisho, akapika sukhdi. Ndicho kitamu pekee tulichokuwa nacho mwaka ule, na nusu yake ilikwenda Muheza. Kikombe cha bati hakikuondolewa dirishani. Tunasema hivi ili asije mtu akadhani kwamba tulijifunza siku ile ile.

Mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Mtoto wa darasa la Jumapili alipouliza swali lake, tuliamua kwamba kiti kile hakiwezi kubaki kitupu, lakini pia kwamba hatuna ruhusa ya kumkalisha mtu pale bila kuuliza wenyewe. Tulikwenda Muheza. Tulimkuta binti yake, mama mtu mzima wa umri kama wetu, akatukaribisha barazani na kutuletea machungwa. Tulimwonyesha rasimu mpya: babu mmoja ameketi juu ya mbuzi, mikono yake imejaa nazi. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema:

“Kaka, hapo kwenye mbuzi alikaa sana. Mchoreni amekaa mkekani, anakula.”

Tulimuuliza kama angependa jina la baba yake liandikwe kitabuni. Akasema hapana, jina ni lao, picha inatosha. Ndiyo maana nasi hatulitaji hapa.

Tuliporudi na maneno hayo, kamati iligawanyika kwa mara ya pili, na safari hii kwa uchungu zaidi. Baadhi walisema picha ya namna hiyo itakuwa uongo, kwa sababu hakuwahi kuketi mkekani pamoja nasi. Walisema tutawafundisha watoto kwamba wazee wao walikuwa wema kuliko walivyokuwa. Wengine wakasema, basi tumchore amesimama uani na kikombe chake. Wengine wakasema tuiache picha ya mbuzi, haimwudhi mtu. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Uamuzi tulioufikia mtauona katika ukurasa wa 21. Mkeka umetandikwa, vitaa vinawaka, na walioketi kuuzunguka ni Ba, mama, baba, shangazi, mjomba mwenye masharubu, rafiki wa jirani, na babu aliyekuna nazi, ameshika ghughra iliyosokotwa na msichana. Vikombe vyote ni vya namna moja. Tulimwomba mchoraji avihesabu mara mbili. Na msichana, kabla hajaanza kula, anasema, “Shikamoo, babu.”

Tuliona kwamba kitabu ni cha watoto wa leo, na kinapaswa kuwaonyesha mkeka ambao tunataka waukute. Lakini wale waliosema kwamba tusiifute historia kwa rangi nao walikuwa na haki. Kwa hiyo tuliahidi katika kikao kile kwamba picha ikionyesha inavyopasa kuwa, mmoja wetu atasimama siku ya uzinduzi aseme ilivyokuwa, na maneno yake yachapishwe katika kumbukumbu hii ya maadhimisho ya hekalu. Ahadi hiyo ndiyo tunayoitimiza jioni ya leo. Tumeyasema ya nyumba yetu tu. Kila mmoja hapa anaijua ya kwake.

Tunajua kwamba wapo watakaosema mambo haya si ya kusemwa katika sherehe. Tunawaheshimu. Lakini tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba kabla ya Lakshmi kukaribishwa, nyumba husafishwa, na anayefagia akaacha vumbi chini ya mkeka hajafagia. Nasi tukiwa watu wa daftari tunajua pia kwamba hesabu mpya haifunguliwi huku deni la zamani limefichwa. Kulipa lote hatuwezi tena, lakini kuliandika tunaweza.

Tumalize kwa mambo mawili ya matumizi, kwa maana kitabu kisichotumika ni mali iliyolala ghalani.

La kwanza liko ukurasa wa 23. Hapo tumeandika jinsi ya kupika sukhdi. Tuliichagua kwa sababu inahitaji vitu vitatu tu, na kwa sababu ya mwaka ule. Chukueni vikombe viwili vya unga wa atta, kikombe kimoja cha samli na kikombe kimoja cha sukari guru iliyoparuzwa. Yeyusheni samli, tieni unga, kaangeni kwa moto mdogo huku mkikoroga bila kuacha, mpaka unga uwe na rangi ya udongo mwekundu na harufu ya karanga zilizokaangwa. Kisha epueni sufuria. Sukari guru hutiwa moto ukiwa umekwisha kuondolewa, wala si kabla, kwani ikipikwa juu ya moto sukhdi huwa ngumu kama jiwe na meno ya wazee hayataisamehe. Mimineni kwenye sinia, shindilieni kwa kitako cha bakuli, na kateni vipande ingali moto. Kazi ya moto ni ya mkubwa. Kazi ya kushindilia na kukata ni ya mtoto, na tunawasihi wazazi msiwanyang'anye kazi hiyo kwa sababu ya haraka. Vipande vikitoka pembe hazilingani, hivyo ndivyo vitakavyokumbukwa.

La pili liko ukurasa wa 24. Watoto, fungueni ukurasa huo. Mnaona kwamba hauna picha. Una mistari kumi na mmoja, na juu yake pameandikwa “Waliopika nyumbani kwetu.” Kazi yenu, kabla Diwali haijafika, ni kuingia jikoni na kuijaza mistari hiyo. Msiandike mama na bibi tu mkadhani mmemaliza. Ulizeni nani alinunua unga sokoni, nani aliosha masufuria, nani alikuna nazi. Na kila mtakayemwandika, muulizeni anapenda kuitwa nani. Akiwa mkubwa wenu, mwamkieni kwanza.

Tunawashukuru walimu wa darasa la Jumapili, mchoraji wetu aliyevumilia mabadiliko mengi bila kunung'unika, na akina mama wa kamati ya jiko ambao walipika kila kitu kilichomo kitabuni ili mchoraji akichore, kisha akila. Tunamshukuru kwa namna ya pekee mgeni wetu aliyetoka Muheza, ambaye ameketi safu ya mbele pamoja na wajukuu zake. Dada, tulichelewa kuja kwenu kwa zaidi ya miaka arobaini. Asante kwa machungwa.

Prasad iko tayari mlangoni. Sukhdi iliyomo imepikwa leo asubuhi na watoto, na kama mkikuta vipande vyenye pembe za ajabu, basi mmebahatika.

Jai Shri Krishna, na Saal Mubarak kwa mwaka unaokuja.